Nthofeela Hapatikani Nchini Mwako

Mama mkwe wangu, Mme Manthofeela, yaani Mama wa Nthofeela, akikasirika hapigi kelele. Hufuta vitu. Akijibizana na watu wa maji, hufuta meza. Binamu yake akiazima sufuria asirudishe, hufuta madirisha. Ukimkuta anafuta kitasa cha mlango, ujue kuna mtu kamuudhi hasa, na usiulize ni nani maana huenda ni wewe. Majira ya baridi niliyojifungua mtoto wangu wa pili, kitu kilichofutwa kuliko vyote nyumbani kwetu kilikuwa televisheni.

Televisheni hiyo aliinunua wifi yangu Nthofeela, anayeigiza huko Johannesburg. Ilipofika, mume wangu Moeketsi aliifunga ukutani kwa skrubu ndefu, akasema mwizi akiitaka aibebe na ukuta wake, kisha akarudi kwenye kazi ya bwawa huko milimani Polihali. Aliifunga chumba cha mbele chenye jiko la mafuta. Chumba hicho, kwa sababu ya joto lake, ndimo nilimolazwa pamoja na mtoto. Kwa hiyo yote ninayosimulia niliyaona nikiwa kitandani, mtoto kifuani.

Jina la wifi yangu lina habari yake. Kabla yake mama alizaa mara mbili, na mara mbili akazika. Huyu wa tatu alipokuja, shangazi zake wakasema apewe jina la kudharaulika, ili kifo kikipita kimwone si kitu kiende zake. Nthofeela kwetu ni kama kusema kakitu tu. Kifo kikapita. Baadaye akazaliwa Moeketsi, naye akapewa jina la heshima kama watu wengine. Lakini mpaka leo sijamsikia mama akimsifu binti yake kwa sauti. Watu wakimsifu mbele yake, yeye hutazama pembeni na kusema, "Aa, kale kakitu tu." Wageni hudhani hampendi.

Basi Nthofeela akapata kazi ya kuigiza muuguzi katika tamthilia ya hospitali. Tamthilia hiyo haionyeshwi kwenye stesheni za kawaida. Ni lazima ujiunge na kampuni moja inayopitisha picha kwa intaneti. Nthofeela akajiunga huko huko Johannesburg, akalipa, akatutumia neno la siri. Tukawasha. Picha yake ikatokea ndogo kama stempu, amevaa sare nyeupe, amekunja mikono kama daktari mkuu. Mama akabonyeza.

*Kipindi hiki hakipatikani nchini mwako.*

Mama akasoma kwa sauti, polepole. Akachukua ncha ya aproni yake akafuta kioo. Akabonyeza tena, kana kwamba ni vumbi ndilo lililoandika.

*Kipindi hiki hakipatikani nchini mwako.*

Sisi tunakaa Ha Hoohlo, Maseru, hapa Lesotho, ambako ukisimama nyuma ya choo unauona mto Mohokare, na ng'ambo ya mto ni Afrika Kusini. Unaona ng'ombe wa ng'ambo wakila majani ya ng'ambo. Mama alitoka akasimama kule nyuma akiwatazama, kisha akarudi.

"Ng'ombe wale wangekuwa na televisheni wangemwona mwanangu," akasema. "Mimi niliyemzaa, hapana."

Jioni hiyo Nthofeela akapiga simu. "Mama, umeniona?"

Mama akanitazama mimi, akatazama televisheni iliyofungwa kwa skrubu ndefu, zawadi ya mtoto.

"Nimekuona," akasema.

Ndivyo ulivyoanza ule uongo. Kila wiki Nthofeela aliuliza, kila wiki mama alijibu amemwona. Hakuongeza neno, maana angeongeza nini? Na Nthofeela naye akawa anauliza kwa sauti inayopungua, mpaka kufikia mimi kujifungua alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

Pengine tungeendelea hivyo mpaka tamthilia iishe, kama si jirani yetu Mme Mamosa. Mme Mamosa ana dada yake Bloemfontein anayeitazama tamthilia hiyo na kumsimulia yote kwenye simu, pamoja na mavazi. Jumapili asubuhi alikuja kumwona mtoto. Akanawa mikono, akaketi, akamsogelea mama.

"Manthofeela, pole mwenzangu."

"Pole ya nini?"

"Ee! Si wamemwua Nthofeela."

Mama alikuwa ananipa kikombe cha uji. Kikombe kikabaki hewani.

"Kwenye tamthilia, we!" Mme Mamosa akasema haraka. "Usinitolee macho. Amegongwa na gari la wagonjwa, gari la hospitali yake mwenyewe. Dada yangu amelia mpaka chungu kimeungua. Ijumaa wamezika. Jeneza zuri la mbao nyekundu, na wamemlaza ndani yeye mwenyewe, uso wake kabisa, kifuniko wazi, watu wanapita mmoja mmoja wanamwaga machozi. Kwani wewe hukuona?"

"Niliona," mama akasema.

"Sasa mbona unauliza pole ya nini?"

"Nilidhani unasema pole nyingine."

Mme Mamosa akanikonyeza mimi, akambeba mtoto, akamwambia, "Bibi yako huyu mwongo, umesikia?" Akacheka, akaenda zake.

Mama hakucheka. Alifuta televisheni, akafuta rimoti, angefuta hata waya wa rimoti kama ingekuwa nao.

"Uso wake kabisa, Malineo," akaniambia. "Wangeweka hata gunia la unga ndani. Kwa nini alale mwenyewe?"

"Mama, ni kazi. Na wala hawamlilii kwa jina lake. Mle ndani anaitwa Sista Dikeledi."

"Jina lingine, uso ule ule. Nimemficha tangu amezaliwa. Sijamsifu hata siku aliyopata cheti. Leo wamemlaza kwenye sanduku na kumfungulia kifuniko ili kila mtu amwone vizuri."

"Lakini uliongea naye jana, mama. Yu mzima."

"Kujua najua. Nataka kuona. Nione kifua chake kama kinapanda alipolala mle. Nikikiona kimepanda, nitalala usingizi. Nisipokiona silali."

Na kweli hakulala. Nilimsikia akigeuka kwenye godoro lake, naye alinisikia nikimsikia.

Jumatatu akamwita Ntate Ramakatsa, yule bwana anayetengeneza simu kwenye kontena la bluu karibu na stendi. Ntate Ramakatsa akaja na mkoba wake, akafika mlangoni, akaona tete la mwanzi limechomekwa juu ya mlango, akavua kofia na kurudi nyuma hatua nzima. Tete likiwa mlangoni, ndani kuna mzazi na kichanga, na mwanamume haingii. Hata Moeketsi mwenyewe angekuja angelala kwa jirani.

"Khotso, Mme," akasalimia kutoka uani. "Hungenijulisha? Nitaitengenezaje televisheni nikiwa huku?"

"Itoe nje basi," mama akamjibu, "na ukuta wake."

"Nipeni rimoti hata dirishani."

"Dirishani utamwona mkwe wangu ananyonyesha."

Wakabishana. Mwishowe wakakubaliana Ntate Ramakatsa asimame chini ya dirisha, mgongo kwetu, uso barabarani, aseme cha kubonyeza, naye mama abonyeze. Nikajifunika shuka mpaka kidevuni. Kupitia pazia niliona kisogo chake tu, na masikio mawili mekundu kwa baridi.

"Mme, unaona alama kama gurudumu lenye meno?"

"Naona."

"Bonyeza."

"Limekwenda kwenye katuni."

"Rudi ulikotoka."

"Ntate, nilikotoka ndiko kunakosema hakipatikani!"

"Taratibu, Mme. Tunaweka kitu kinaitwa VPN. Ni kama kuazima blanketi la mtu mwingine upite nalo langoni. Mlinzi aone blanketi, asikuone wewe. Adhani unatoka kwao."

"Hilo ungesema mapema," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nikaona meno yake.

Ilichukua muda. Kuandika herufi kwa rimoti ni adhabu, unatembea kutoka A mpaka M kama unavuka uwanja. Mtu akipita barabarani alimwona Ntate Ramakatsa akiongea peke yake na gari lililoegeshwa. "Herufi kubwa, Mme! Kubwa!" Mwalimu mmoja mstaafu akasimama akamuuliza anamfundisha nani.

"Haya," akasema mwishowe. "Chagua nchi."

"Zimejaa hapa kama maharage. Nimebonyeza ya juu."

"Imeandika nini?"

"Uholanzi."

"Basi sasa uko Uholanzi, Mme."

"Mimi? Na aproni hii?" Akajitazama. "Na Malineo je? Na mtoto?"

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, mtoto akaachia ziwa akalia.

"Mbona Nthofeela hayupo?" mama akauliza.

"Uholanzi nako hapatikani."

"Sasa umenipeleka huko kufanya nini?"

Wakatafuta Afrika Kusini. Wakaipata. Mduara ukazunguka kwenye kioo, ukazunguka, mama akapiga magoti mbele yake kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Picha ya Nthofeela ikafifia, kioo kikawa cheusi, na muziki ukaanza, noti mbili za piano, mbili tu. Kisha maandishi.

*Inaonekana unatumia njia ya kuficha ulipo. Tafadhali izime, kisha ujaribu tena.*

"Ntate," mama akasema polepole, "mlinzi ametambua blanketi."

Ntate Ramakatsa akajikuna kisogo. "Wamelivaa wengi mno hilo, Mme. Wameshalizoea. Wakiona watu elfu wanapita na blanketi moja, hata wewe ungeshtuka. Tujaribu lingine."

Wakajaribu lingine. Likatambuliwa. Wakajaribu la tatu, hilo halikufika hata langoni. Mama akaizima hiyo VPN kama alivyoambiwa, akajaribu tena kama alivyoambiwa, na televisheni ikamwambia: *Kipindi hiki hakipatikani nchini mwako.* Akaiwasha tena: *Inaonekana unatumia njia ya kuficha ulipo.*

Mama akasimama. Magoti yakalia.

"Nikijificha wananiambia nimejificha. Nikijitokeza wananiambia siko. Sasa hawa watu wanataka niweje?"

Ntate Ramakatsa alikuwa mtu mwema. Aliipigia kampuni kwa simu yake mwenyewe, akamuwekea mama spika kwenye ukingo wa dirisha, bado amegeuza uso. Muziki ukapigwa, ukapigwa tena, kisha msichana mmoja mwenye sauti ya asali akapokea kutoka huko ng'ambo. Mama akaeleza vizuri sana. Akasema ada inalipwa. Akasema muuguzi aliyekufa ni mtoto wake.

"Pole sana kwa msiba, Mme," msichana akasema.

"Si msiba! Ni kazini kwake!"

"Samahani, Mme. Huduma hii ni kwa wateja walio ndani ya Afrika Kusini tu."

"Mimi niko ndani."

"Inaonyesha uko Lesotho, Mme."

"Na Lesotho iko wapi? Binti, chukua ramani. Mmetuzunguka huku, mmetuzunguka huku, kushoto nyinyi, kulia nyinyi, nyuma nyinyi. Nitakuwaje nje, wakati niko katikati yenu?"

"Nakuelewa, Mme. Kuna jambo lingine naweza kukusaidia leo?"

Mama akaifuta simu ya Ntate Ramakatsa, mbele na nyuma, akamrudishia kupitia pazia.

Mme Mamosa aliyesikia yote kutoka ukutani kwake, akaja na dawa yake. "Ninyi nanyi. Shuka mtoni, Manthofeela. Pale chini simu inashika minara ya ng'ambo. Au vuka daraja kabisa, ukae mkahawani Ladybrand, utazame, urudi kabla ya chakula. Shida iko wapi?"

Nilimwona mama akilifikiria. Aliutazama mlango. Aliangalia koti lake msumarini. Kisha akanitazama mimi na kile kifurushi kifuani pangu, na nikajua jibu kabla hajalitoa. Anayemhudumia mzazi hatembei mbali akarudi moja kwa moja kwa kichanga. Njia ina joto lake, na miguu iliyotoka njiani humwingizia mtoto joto hilo. Wapo wanaosema hayo ni ya zamani. Mama aliyezika wawili hajaribu kuona kama ni ya zamani.

"Mama, nenda," nikamwambia. "Mme Mamosa atakaa nami."

"Nikamtazame mmoja kwenye jeneza, nimletee mwingine joto la njiani? Hapana." Akatundika koti vizuri zaidi kuliko lilivyokuwa. "Waache wakae naye."

Akaenda kufuta kitasa cha mlango.

Jioni hiyo hiyo, jua halijazama sawasawa, simu yake ikalia. Alikuwa Nthofeela, kwa simu ya video ya kuonana uso kwa uso, anataka kumwona mtoto. Nikamwonyesha miguu tu, maana uso wa kichanga hauonyeshwi ovyo. Nthofeela akasifu vidole. Kisha mama akachukua simu.

"Umeniona Ijumaa?" Nthofeela akauliza, kwa ile sauti yake ya hali ya hewa.

"Nimekuona."

"Nilikufa, Mama."

"Ndiyo. Ulikufa vizuri."

Nthofeela akasogea karibu na simu. Uso wake kwenye kioo cha simu ulikuwa umechoka, hana rangi ya midomo. "Basi na kitambaa je?"

"Kitambaa kipi?"

"Mama."

"Kitambaa... kilikuwa kizuri."

"Mama, kitambaa changu kilikuwa na rangi gani?"

Mama akanitazama. Mimi ningemsaidiaje? Nikatazama miguu ya mtoto.

"Cheupe," mama akasema. "Si muuguzi wewe?"

"Ni kile cha kahawia, Mama. Chenye maua. Kile ulichonifunga kichwani siku naondoka pale stendi. Nimegombana na mtu wa mavazi wiki nzima ili nizikwe nacho. Nimekivaa tangu kipindi cha kwanza, mfukoni, shingoni, kila mahali. Kila wiki nasubiri useme. Husemi. Nikajua Mama kachukia. Kachukia kazi yangu, anaona aibu, basi ananyamaza." Sauti ikapasuka kidogo. "Kumbe hata hutazami?"

Mama alikuwa ameshika aproni kwa mkono mmoja, anafuta ubao wa kitanda changu, anafuta mahali pale pale.

"Hawaniruhusu," akasema.

"Nani hawakuruhusu?"

Hapo ndipo yakamtoka yote, na hakupumzika hata kumeza mate. Stempu ile na yale maandishi. Ng'ombe. Uholanzi. Lile blanketi lililovaliwa na watu elfu. Yule msichana aliyempa pole ya msiba. "Tangu siku ya kwanza, Nthofeela! Tangu siku ya kwanza wananiambia hupatikani! Na wewe unalipa, na umenunua na televisheni kubwa, ningekwambiaje? Ningekwambia nini? Na sasa wamekuweka kwenye sanduku na kila mtu amekuona umelala humo isipokuwa mimi!"

Nthofeela alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Sikujua analia au anacheka. Nadhani yote.

"Mama yangu jamani. Miezi yote hii! Si ungesema? Ningekushikia simu mbele ya televisheni yangu, basi! Hiyo kampuni itajuaje?"

Tulitazamana na mama. Huko nje Ntate Ramakatsa alikuwa amekwisha kwenda kwake na masikio yake mekundu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria hilo. Niliona aibu hata mbele ya mtoto.

"Basi shika," mama akasema. "Unangoja nini?"

Picha ikayumba, tukaona dari, tukaona sahani ya vibanzi vya viazi, kisha televisheni ya Nthofeela huko Johannesburg, ndani ya simu yetu, ndogo kama kiganja cha mtoto. Mama akaegesha simu kwenye mto wangu, tukaegemezana vichwa. Zile noti mbili za piano zikapigwa, na safari hii zikaendelea.

Watu wenye nguo nyeusi. Jeneza jekundu. Picha ikasogea, na kweli, alikuwa ni yeye, na kitambaa cha kahawia kimefungwa kichwani jinsi mama anavyofunga, fundo upande wa kushoto. Mama alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga kitu chenye ncha.

"Sioni kifua," akanong'ona. "Malineo, macho yako ni mapya, kinapanda?"

Nilitazama. Ilikuwa ndogo mno. "Sioni, mama."

Mlango ukagongwa. "Manthofeela! Nimekuletea mchuzi!"

"Ngoja nje, Mamosa, tunazika!" mama akajibu bila kugeuka.

Kifuniko kikaanza kushuka. Kikafika katikati, na hapo mtandao ukatushinda, picha ikaganda: nusu ya uso, nusu ya mbao. Hata kilio cha watu kikakatika. Mama akashika simu kwa mikono miwili.

"Nthofeela!"

Akaitikisa.

"Nthofeela!"

"Nipo, Mama." Sauti yake ilikuja karibu kabisa, upande huu wa jeneza, imejaa chakula. "Mtandao tu. Nipo, nakula."

"Unakula nini?"

"Vibanzi."

Picha haikusogea. Nusu ya uso ilibaki pale pale, macho yamefumba, kitambaa chetu kichwani. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaiinua simu na kuibana sikioni.

"Tafuna kwa nguvu," akasema. "Nikusikie."

Nilimsikia hata mimi pale nilipolala, akitafuna huko Johannesburg kwa mdomo mkubwa wa mwigizaji, kru, kru, kru. Mama alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka langu, na haukuwa unafuta kitu.

"Mtoto wangu mzuri," akamwambia, kwa sauti.

Kutafuna kukakoma.

"Nimesema utafune," mama akasema.